Msimnyang'anye mtoto mchemraba wake

Mwezi huu hatuzungumzii malaria wala utapiamlo. Tunazungumzia mchezo. Huenda baadhi yenu mkajiuliza ukurasa wa afya una shughuli gani na michezo ya watoto. Tunaomba mtuvumilie, maana tukifika mwisho mtaona kwamba tulikuwa tunazungumzia afya tangu mwanzo.

Wengi wenu mmeuona ule mchemraba wa plastiki wenye rangi sita, ambao kila upande wake unaweza kuzungushwa. Watoto wa shule huazimana na kupokezana zamu. Mmoja anazivuruga rangi, mwingine anajaribu kuzirudisha mpaka kila upande uwe na rangi moja. Wako vijana wanaofanya hivyo kwa kushindana na saa, na wanaweza kukaa na mchemraba tangu watoke shule mpaka giza linapoingia.

Kina mama wanaokuja kliniki wanatuuliza: "Dada, huu si upuuzi? Mtoto akili zake zitabaki salama kweli?" Kina baba wengine hawaulizi. Wanauchukua na kuutupa juu ya paa. Sisi jibu letu tunalitoa mapema: mchezo huu si upuuzi, na mzazi asiuondoe mkononi mwa mtoto kabla ya kutazama unamfanyia nini. Hilo hatukulisoma kitabuni. Tulijifunza kwa kosa letu wenyewe.

KOSA LETU WODINI

Wakati fulani tulimpokea mvulana wa miaka kama tisa aliyeungua mguu kwa uji wa moto. Aliletwa na bibi yake kutoka kijiji kimoja cha upande wa Bahi. Mtoto hakusema neno lolote na hakututazama usoni. Mkononi alikuwa na mchemraba mkuukuu, vikaratasi vyake vya rangi vingine vimeshabanduka, naye aliuzungusha bila kupumzika.

Ulipofika wakati wa kusafisha kidonda tuliona mikono ile inatusumbua. Tukamnyang'anya mchemraba, tukauweka juu ya kabati. Alipiga kelele mpaka wodi nzima ikageuka. Akajitupa sakafuni, akamng'ata mwenzetu mmoja mkononi. Ikabidi tumshike watu watatu. Nasi tukasema yale ambayo watu wengi husema: mtoto huyu amedekezwa, hana adabu.

Bibi alinyamaza mpaka tulipomaliza. Kisha akatuambia kwa upole, "Wanangu, hicho ndicho kinachomtuliza. Kesho mwachieni, atawapa mguu."

Kesho yake tulimwachia. Alikunja uso, akatetemeka, jasho likamtoka, lakini vidole viliendelea kuzungusha na mguu haukusogea. Kabla hatujamaliza kufunga bandeji, rangi zote zilizokuwa zimebaki kwenye mchemraba ule zilikuwa zimesharudi mahali pake. Tulitazamana. Hakuna hata mmoja wetu wodini aliyeweza kufanya hivyo.

Ndipo bibi akatueleza mengine. Mtoto yule hakuwahi kupelekwa shule. Wageni wakija alifungiwa chumba cha ndani, kwa sababu majirani walikuwa wakisema familia ile imelaaniwa. Jumapili watu wa nyumba ile walikwenda kanisani kwa zamu, ili mmoja abaki naye. Kwa miaka tisa hakuna mhudumu wa afya aliyekuwa amemtazama kwa jambo lolote zaidi ya chanjo na homa. Daktari wetu alimpima masikio kwanza, akakuta anasikia vizuri. Baadaye ikathibitika kwamba ana usonji.

Tulikuwa tumemwondolea mtoto kitu pekee alichokuwa nacho cha kushindana na maumivu, tena tukamwita mkosa adabu.

MCHEZO HUU NI KITU GANI?

Aliyeubuni ni Ernő Rubik, mwalimu wa usanifu wa majengo katika mji wa Budapest, nchini Hungaria. Mwaka 1974 alitengeneza mchemraba wa kwanza kwa mbao. Alipouvuruga, yeye mwenyewe aliyeutengeneza alitumia kama mwezi mzima kuurudisha. Mwaka 1980 ulianza kuuzwa duniani kote kwa jina lake.

Ugumu wake uko hapa. Kwa nje mchemraba una vipande 26. Sita vya katikati ya kila upande havihami. Vipande 12 vya kingo vina rangi mbili mbili, na 8 vya pembeni vina rangi tatu tatu. Mipangilio inayoweza kutokea inazidi bilioni 43 zikizidishwa kwa bilioni moja. Kwa hiyo anayezungusha ovyo akitegemea bahati atazeeka bado anazungusha. Lakini mwaka 2010 wataalamu wa hesabu, wakisaidiwa na kompyuta, walithibitisha kwamba hata uvurugwe namna gani, mchemraba huu unaweza kurudishwa kwa mizunguko isiyozidi 20. Maana yake njia ipo siku zote, na kinachotakiwa ni kuitafuta kwa utaratibu.

Anayeanza hujifunza hatua kwa hatua. Kwanza hutengeneza msalaba wa rangi moja, mara nyingi nyeupe. Kisha hupanga pembe za upande huo, halafu tabaka la kati, na mwisho tabaka la juu. Kila hatua ina mizunguko yake ya kukariri. Mwanzoni mtoto anaweza kutumia nusu saa. Akishazoea hufika dakika mbili, baadaye dakika moja. Hapo ndipo anapoanza kutamani saa.

Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Budapest mwaka 1982. Mshindi alikuwa Minh Thai, kijana aliyetoka Vietnam akiwa mkimbizi na kuishi Marekani, naye alitumia sekunde 22.95. Tangu mwaka 2004 kipo chama cha dunia kinachosimamia mashindano haya. Mchezaji hupewa sekunde 15 tu za kuutazama mchemraba. Kisha huweka viganja vyote viwili juu ya saa ya mezani, akiviinua saa inaanza, akivirudisha inasimama.

Wazee wetu hawatashangaa sana kusikia haya. Pitieni chini ya miti katika miji na vijiji vyetu mtawakuta kwenye bao, mashimo 32 na kete 64, mkono unakusanya na kusambaza kabla jicho la mtazamaji halijamaliza kuhesabu. Bwana mmoja mkimya anaweza kuona mtaji wake utakapoishia kabla hajashika kete ya kwanza. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kupenda bao. Wake wa wachezaji wamelalamika sana juu ya muda unaopotea, lakini hatujasikia mtu akisema kwamba bao linaharibu akili. Kwa nini basi tumwogope mtoto anayefanya kazi ileile kwa plastiki ya rangi?

KIJANA ALIYESHINDWA KUFUNGUA CHUPA

Tuwasimulie habari za Max Park, kijana wa California, Marekani, aliyezaliwa mwaka 2001. Alipokuwa na miaka miwili waganga waligundua kwamba ana usonji. Wazazi wake walielezwa kuwa huenda atahitaji kuangaliwa maisha yake yote. Vidole vyake vilikuwa dhaifu kiasi kwamba kufungua chupa ya maji ilikuwa kazi kubwa.

Mama yake aliona kwamba mtoto anapendezwa na mchemraba. Hakumnyang'anya. Alijifunza yeye kwanza, kisha akamfundisha mwanawe, ili vidole vipate mazoezi. Baadaye wazazi wakaanza kumpeleka kwenye mashindano, na wao wenyewe wameeleza kuwa ushindi haukuwa shabaha yao. Walitaka mtoto ajifunze kungoja zamu yake, kufuata kanuni, kumtazama mtu usoni na kumpa mkono mwenzake.

Mwaka 2017 Max Park alikuwa bingwa wa dunia mjini Paris. Mwaka 2023, mwezi Juni, alirudisha mchemraba kwa sekunde 3.13, rekodi ya dunia. Mwaka 2025 mtoto wa China mwenye miaka 7, Xuanyi Geng, alishuka hadi sekunde 3.05. Lakini kwa sisi wauguzi rekodi si jambo kubwa kuliko yote katika habari hii. Bingwa wa kabla ya Max alikuwa Feliks Zemdegs wa Australia. Max alimpenda sana na alijifunza mwenendo kwa kumtazama yeye. Max alipoanza kuvunja rekodi zake, Feliks alimpongeza na wakabaki marafiki. Urafiki wao ulitengenezewa filamu mwaka 2020. Mtoto ambaye watu walidhani hatakuwa na rafiki, alimpata kupitia kitu alichokipenda.

Linganisheni na mtoto wetu wa Bahi. Wote wawili walipenda kitu kilekile. Mmoja alifunguliwa mlango, mwingine alifungiwa chumbani. Kilichowatofautisha zaidi ni yale ambayo watu wazima walioko karibu nao waliyaamini.

TUSIDANGANYANE

Kwa kuwa tunausifu mchezo huu, inatupasa pia kusema usichoweza kufanya.

Mchemraba hautibu usonji. Usonji si homa ya kumezewa vidonge hadi iishe. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyoumbika na kukua, naye huendelea nao maishani, akihitaji kufundishwa na kusaidiwa mapema. Si kila mtoto mwenye usonji atapenda mchemraba. Mmoja atapenda kupanga vifuniko vya chupa, mwingine kuchora, mwingine kusikiliza ngoma. Wala si kila mtoto hodari wa mchemraba ana usonji. Wengi hawana.

Pia tusiahidi kwamba mchemraba utampandisha mtoto darasani. Anayecheza sana huwa hodari wa mchemraba, lakini kuwa hodari wa hesabu kunahitaji kufanya hesabu. Tunachokiona kwa macho yetu ni hiki: mtoto anafanyisha vidole kazi, anajifunza kufuata hatua, na akikosea anarudi nyuma bila kupigwa na mtu. Hayo yanatosha kuuheshimu mchezo wake.

Na madhara yapo. Mwaka 1981 jarida moja la kitabibu la Marekani lilichapisha habari za maumivu ya kidole gumba kwa wachezaji wa mchemraba. Mtoto akilalamika maumivu ya kifundo cha mkono au gumba, apumzike siku kadhaa. Mchemraba mgumu unaokwama huumiza zaidi kuliko ule unaoteleza.

USHAURI WETU KWA WAZAZI

1. Umri. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu asipewe. Mchemraba wa bei nafuu hufumuka, na kipande kimoja kinatosha kumkaba koo.

2. Muda. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kutembeza mwili kila siku. Mchemraba ni mchezo wa kukaa. Kwa hiyo baada ya nusu saa mtoto ainuke, akimbie, apige mpira, akateke maji. Usiku apate usingizi wake.

3. Usafi. Mchemraba unapita mikono mingi, na kwetu kwenye vumbi na ukame watoto wanafikicha macho. Ugonjwa wa vikope tunaufahamu sana katika mkoa huu. Mtoto anawe mikono na uso, na mchemraba ufutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

4. Rangi. Mtoto akichanganya nyekundu na kijani mara kwa mara, msimwite mzembe. Wako watu, hasa wavulana, wanaozaliwa wasiweze kutofautisha baadhi ya rangi. Mwambieni na mwalimu wake, maana ubaoni na kwenye ramani atapata shida hiyohiyo.

5. Ulemavu. Ipo michemraba yenye alama za kupapasa kwa wasioona, na yapo mashindano ya kutumia mkono mmoja. Mtoto mwenye mkono dhaifu asiambiwe kwamba mchezo huu si wake.

6. Mashindano. Mtoto ashindane kwanza na muda wake wa jana. Mzazi anayemwambia, "Mtoto wa jirani anamaliza kabla yako," ameugeuza mchezo kuwa fimbo. Haraka ya namna hiyo kweli haina baraka.

7. Kaeni naye. Hili ndilo kubwa. Mwombeni awafundishe hatua ya kwanza. Baba anayeshindwa mbele ya mwanawe huku akicheka amempa mtoto kitu ambacho duka halikiuzi. Na kama nyumbani hakuna fedha ya mchemraba, chimbeni mashimo ya bao mchangani, mkusanye kokoto.

KAMA MNA MTOTO MNAYEMFICHA

Sasa tunasema na nyumba zile chache ambazo zikisoma habari hii zitajitambua.

Mtoto ambaye akifika mwaka mmoja haitiki jina lake, asiyeonyesha kitu kwa kidole, aliyefika mwaka mmoja na nusu bila neno hata moja, au aliyekuwa anasema kisha akaacha, apelekwe kwenye zahanati au kituo cha afya bila kungoja. Vivyo hivyo mtoto anayerudia jambo moja siku nzima na kuchanganyikiwa likikatizwa. Dalili hizi peke yake hazithibitishi usonji, na ndiyo sababu anahitaji kupimwa. Atapimwa masikio kwanza, maana mtoto asiyesikia naye haitiki. Ikihitajika ataandikiwa kwenda hospitali ya rufaa, nasi hapa Dodoma hatuko mbali nazo. Msikubali kurudishwa nyumbani kwa maneno "atakua tu" kama mioyo yenu haijatulia.

Usonji si laana. Mama hakuusababisha kwa kosa lolote alilofanya akiwa mjamzito, na chanjo hazileti usonji. Anayewaambia hivyo anawaongezea mzigo ambao si wenu. Na ninyi majirani na wanajumuiya, mtoto akipiga kelele katikati ya Misa, msigeuke wote kumtazama mama yake. Msogeleeni, mshikeni mkono, mwambieni karibu. Familia inayokuja kanisani kwa zamu inangoja neno hilo moja tu.

Wenzetu wauguzi nao tunawaomba jambo dogo. Katika wodi yetu, kabla ya kumfunga mtoto bandeji au kumchoma sindano, siku hizi tunamuuliza aliyemleta: "Ni kitu gani kinachomtuliza?" Swali hilo halichukui hata dakika, na kwa ajili yake tumeacha kumshika mtoto watu watatu.

Yule mvulana alirudi mara kadhaa kuangaliwa mguu. Mara ya mwisho bibi alikuwa amefuatana na baba wa mtoto, na walikaa naye kwenye benchi la nje pamoja na wagonjwa wengine wote. Tulipomaliza kukikagua kidonda, mtoto aliutazama mchemraba wake, akaunyoosha mkono na kuuweka kwenye kiganja cha yule mwenzetu aliyemng'ata. Hatukuelewa mara moja. Kisha tukauvuruga, tukamrudishia. Akazungusha, akazipanga rangi, akampa tena. Akangoja.

Baba yake alisema hajawahi kumwona akimngoja mtu.